Hati ya Kiniloti: Kabla ya Kuchonga Herufi Mpya

Zipo hoja ambazo kila zikizikwa hufufuka. Mojawapo ni hii ya kuzitungia lugha za Kiniloti hati ya pekee: hati ya kisasa, iliyobuniwa na wasemaji wenyewe, isiyoazimwa kwa Warumi wala kwa Waarabu. Wanaoishikilia kwa nguvu zaidi ni vijana wa Kidinka wa Sudan Kusini, nchi iliyopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, ambao wanaona kwamba taifa lenye bendera, wimbo na sarafu yake halina budi kuwa na herufi zake. Lakini hoja imekwisha kuvuka mipaka. Nchini Kenya, kati ya mwaka 2009 na 2012, Kefa Ombewa na Paul Sidandi walibuni hati kwa ajili ya Kijaluo. Wanafunzi wangu wamenitaka mara kadhaa niseme nasimama upande gani. Nasema leo, nikijua kwamba jibu langu halitawaridhisha wote.

Huenda msomaji akajiuliza: mtu wa Kimali, mkoani Simiyu, anahusikaje na herufi za Wadinka? Sisi Wasukuma ni Wabantu, na Juba iko mbali. Ni kweli. Lakini katika mkoa huu huu, hasa ukishika njia ya kuelekea Bonde la Eyasi, tunaishi na Wataturu, ambao wenyewe hujiita Datooga, na lugha yao ni ya Kiniloti. Ukipanda kaskazini hadi Rorya unawakuta Wajaluo, Waniloti. Ukivuka mashariki unawakuta Wamaasai, Waniloti pia. Watoto wa jamii hizi wanakaa dawati moja na watoto wetu, wanafundishwa na walimu tuliowafunza sisi, na majina yao yanaandikwa katika madaftari na maofisa tuliowatunuku shahada sisi. Kwa hiyo swali la namna lugha hizi zinavyoandikwa, au zinavyoachwa bila kuandikwa, liko uani mwetu.

Nianze na kosa ambalo sisi wasemaji wa Kiswahili hulifanya bila kujua. Tunadhani herufi za Kirumi zinaifaa kila lugha ya Afrika kwa sababu zinaifaa yetu. Kiswahili kina irabu tano, na herufi za Kirumi zina irabu tano: a, e, i, o, u. Kiswahili hakina toni ya kutofautisha maneno. Kiatu kimeingia mguuni bila kubana, nasi tukahitimisha kwamba miguu yote ya bara hili ni ya kipimo kimoja. Hata Kisukuma chenyewe kinatukanusha. Marehemu Profesa Herman Batibo, katika utafiti wake juu ya Kisukuma uliochapishwa Paris mwaka 1985, alieleza lugha yenye irabu saba na mfumo wa toni ulio tata. Irabu saba hizo tunazisukumiza ndani ya herufi tano. Mgeni anayesoma kibao cha Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu, hajui kwamba hiyo "nh" ni nazali inayotoka na pumzi, na hakuna mtu anayemwambia.

Sasa tazama Kidinka. Jina la lugha hiyo kwa wenyewe ni Thuɔŋjäŋ. Neno moja tu, na tayari ndani yake mna mambo matatu ambayo kibodi ya simu ya karani wa halmashauri haiyajui: ɔ iliyo wazi, ŋ yenye mkia, na a yenye nukta mbili juu yake. Irabu za Kidinka ni saba, na karibu kila moja huja kwa sauti mbili, moja ya kawaida na nyingine ya pumzi, kana kwamba msemaji anapumua kupitia irabu yenyewe. Nukta mbili zile ndizo zinazoonyesha sauti ya pumzi. Kisha kila irabu inaweza kuwa fupi, ndefu, au ndefu zaidi. Lugha nyingi duniani hutosheka na urefu wa aina mbili; Kidinka ni miongoni mwa zile chache mno ambazo wataalamu wamethibitisha kwamba zina tatu. Na juu ya yote hayo zipo toni.

Mtu aweza kusema: basi ni vijambo vya matamshi, wasemaji watakisia. Hapana. Katika Kiswahili sarufi yetu imekaa mwanzoni mwa neno, mahali pa wazi: mti, miti, mtoto, watoto. Katika Kidinka sarufi imejificha tumboni mwa neno. Mti ni tim, miti ni tiim. Umoja na wingi, nani ametenda na nani ametendewa, mwelekeo wa tendo, vyote hivyo mara nyingi huonyeshwa kwa kubadili urefu wa irabu, sauti yake au toni yake, huku konsonanti zikibaki zilivyo. Othografia inayotumika leo huonyesha urefu kwa kurudufu herufi, hivyo hutambua ngazi mbili tu kwa uhakika, na toni haizionyeshi kabisa. Kwa hiyo kinachoachwa nje ya maandishi ni sehemu ya sarufi. Hebu fikiria Kiswahili kilichoandikwa bila viambishi vya ngeli, msomaji akaachiwa ajaze mwenyewe.

Wajaluo wanalifahamu tatizo hilo kwa upande wao. Neno linaloandikwa kendo laweza kuwa jiko la mafiga, laweza kuwa kuoa, laweza kuwa "tena". Yanatamkwa tofauti lakini yanaandikwa vilevile, kwa sababu irabu tisa za Kijaluo zimebanwa ndani ya herufi tano na toni zimeachwa nje.

Wanaodai hati mpya, basi, hawakurupuki. Wameona pengo lililopo. Ninachohoji ni kama hati mpya ndiyo dawa ya pengo hilo.

Historia yatupa mahali pazuri pa kuanzia, nayo ni mwaka 1928. Mwezi Aprili mwaka huo, huko Rejaf, kando ya Mto Nile karibu na Juba, wamisionari na maofisa wa serikali za kikoloni walikutana kuamua namna lugha za Sudan ya kusini zitakavyoandikwa. Mshauri wao alikuwa Diedrich Westermann, Mjerumani, mmoja wa wakurugenzi wa taasisi ya kimataifa ya lugha na tamaduni za Kiafrika iliyoanzishwa London mwaka 1926. Walichagua lugha za kutumiwa shuleni, miongoni mwazo Kidinka, Kinuer, Kishilluk, Kibari, Kilatuka na Kizande, wakazipa herufi za Kirumi zilizoongezewa alama chache, ambazo ndizo chanzo cha ɛ, ɔ na ŋ tunazoziona leo. Miezi miwili baadaye, mwezi Juni, mkutano mwingine uliketi Mombasa. Huo ndio uliochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ya kusimamia kazi hiyo.

Mikutano miwili, mwaka mmoja, wakoloni walewale. Mazao yakawa tofauti kama mbingu na ardhi. Je, ni kwa sababu herufi za Kirumi zilikifaa Kiswahili na hazikukifaa Kidinka? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kwa sehemu kubwa zaidi ni kwa sababu ya kilichofuata. Nyuma ya Kiswahili kilichotoka Mombasa kulikuwa na kamusi, vitabu vya shule, magazeti, redio, na baadaye chama kilichopigania uhuru na serikali iliyokifanya lugha ya kazi. Kidinka kilichotoka Rejaf kilipata vitabu vichache vya dini na vya darasa la kwanza, kisha vita.

Na vita vile viligusa herufi zenyewe. Baada ya uhuru wa Sudan mwaka 1956, serikali ya Khartoum haikuridhika na maandishi ya Kirumi kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wizara ya Elimu ilimtumia mtaalamu kutoka Misri, Khalil Mahmud Asakir, kuziandalia lugha za kusini mfumo wa kuandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kitaalamu kazi hiyo haikuwa ya kubezwa. Kisiasa, kila mwanakijiji wa kusini aliielewa maana yake: mtoto aanze kwa lugha ya mama ili avushwe upesi kwenye Kiarabu. Makubaliano ya Addis Ababa ya mwaka 1972 yalileta utulivu wa muda, herufi za Kirumi zikashika tena, na chuo cha lugha za eneo hilo kikaanzishwa Maridi. Mwaka 1983 vita vikarudi.

Mtu aliyepita katika historia hiyo, akaona alfabeti moja inakuja na mmisionari na nyingine inakuja na askari, halafu akasema nataka ya tatu iliyo yangu, mimi simcheki. Namwelewa kabisa. Ila namwomba anisikilize katika jambo moja kuhusu neno hili "yangu".

Wazee wetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa. Herufi hizo hazikuwa na p, ch wala v, na irabu zake za msingi ni tatu. Walifanyaje? Walizirekebisha. Karne ya kumi na tisa, Mwalimu Sikujua wa Mombasa alikuwa miongoni mwa waliotafuta alama za kutofautisha sauti ambazo Kiarabu hakina. Nani leo atathubutu kusema kwamba tenzi zilizoandikwa kwa hati ile hazikuwa zetu? Hati huwa ya mtu kwa kuitumia na kuitia mikono yake. Na tukitaka kwenda mbali zaidi katika nasaba, herufi ya Kirumi A ilianza kama picha ya kichwa cha ng'ombe, pembe zake zikitazama juu. Wafoinike waliirithi katika mfululizo wa maandishi unaorudi nyuma hadi kwenye michoro ya Misri, kwenye Mto Nile huohuo, kisha Wagiriki wakaipokea na kuigeuza miguu juu. Mdinka anayeimba sifa za fahali wake, na Mtaturu, na Msukuma pia, sioni kwa nini waione aibu herufi iliyoanza maisha yake zizini.

Lakini hoja ya asili, hata ikiwa tamu, haitoshi. Tuiulize hati mpya swali la kiufundi. Je, itaandika toni? Ikiwa ndiyo, basi mwandishi atalazimika kuweka alama juu ya kila silabi, na alama hizo zaweza kuwekwa pia juu ya herufi za Kirumi. Wavietnamu wamefanya hivyo. Toni zao sita wanaziandika kwa herufi za Kirumi, kwa mfumo uliotokana na kazi ya wamisionari wa karne ya kumi na saba na kuonekana katika kamusi ya Alexandre de Rhodes ya mwaka 1651, na leo ni hati ya taifa zima, magazeti na riwaya. Ikiwa hapana, yaani hati mpya haitaandika toni, basi pengo liko palepale na tumebadilisha vazi tu. Upungufu wa maandishi ya Kidinka na Kijaluo umo katika kanuni za tahajia, yaani uamuzi wa nini kiandikwe na nini kiachwe. Umbo la herufi halihusiki. Nasikitika kwamba katika mijadala mingi ninayoisikia mambo haya mawili huchanganywa, na vijana hodari hutumia miaka wakichora maumbo mazuri bila kujiuliza yanaonyesha sauti gani ambayo haikuonyeshwa kabla.

Afrika haijakosa mifano ya hati zilizobuniwa na Waafrika wenyewe, na mifano hiyo yafaa kusomwa kwa makini kuliko kushangiliwa. Mwaka 1949 Solomana Kanté wa Guinea alikamilisha hati ya N'Ko kwa ajili ya lugha za Kimandingo. Mwaka 1989 ndugu wawili, Ibrahima na Abdoulaye Barry, wakiwa bado vijana wadogo huko Nzérékoré, Guinea, walianza kubuni hati ya Kifulani ambayo leo inaitwa Adlam. Hizi zimeishi. Kwa upande mwingine, Osman Yusuf Kenadid alibuni hati ya Kisomali, Osmanya, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Sheikh Bakri Sapalo akawabunia Waoromo hati yao mwaka 1956. Jirani zetu wa Malawi wana hati ya Nolence Mwangwego. Kongo kuna Mandombe ya Wabeladio Payi ya mwaka 1978, ambayo wafuasi wake huiandikia hata Kiswahili. Baadhi ya hizi zimebaki katika duara dogo la wapenzi wake, nyingine zimebaki katika vitabu vya historia.

Kilichotofautisha waliofaulu na wengine, kwa maoni yangu, hakikuwa uzuri wa herufi. Kanté hakuishia kwenye alfabeti. Alitumia maisha yake yote kuandika kwa hati hiyo: historia, sarufi, tiba za mitishamba, tafsiri za dini. Wanafunzi wake walinakili kwa mkono na kufundishana masokoni. Ndugu Barry nao waliwafundisha jamaa na wafanyabiashara, kila aliyejifunza akitakiwa kuwafundisha wengine, wakaandika vitabu vya matumizi ya kila siku, kisha wakapambana miaka mingi hadi hati yao ikaingizwa katika mfumo wa Unicode mwaka 2016, yaani ikaweza kuonekana kwenye kompyuta na simu. Miaka ishirini na saba toka daftari hadi simu! Wanaharakati wanaodhani hati ni jambo la kampeni ya miezi sita waitafakari hesabu hiyo.

Mfano wa Somalia unanigusa zaidi, kwa kuwa ni wa ukanda wetu na una funzo la kisiasa ambalo watetezi wa hati ya Kiniloti hulikwepa. Osmanya ilikuwa hati nzuri. Ilionyesha irabu za Kisomali, ilikuwa na uzalendo wote tunaoutaka. Ikashindwa, kwanza, kwa sababu ya ukoo: mbunifu wake alitoka katika ukoo wa Majeerteen, na koo nyingine ziliiona kuwa hati ya Majeerteen. Wapo pia waliotaka Kiarabu kwa sababu za dini. Serikali baada ya serikali iliogopa kuamua, mpaka Oktoba 1972 Siad Barre alipotangaza herufi za Kirumi, ambazo tume ya wataalamu wa UNESCO ikiongozwa na B. W. Andrzejewski ilikwisha kuzipendekeza mwaka 1966, kwa kuwa mashine za chapa na taipureta zake tayari zilikuwapo. Watumishi wa serikali walipewa miezi michache wajifunze. Mwaka 1974 shule zikafungwa, wanafunzi na walimu wakapelekwa kwa wafugaji vijijini kufundisha kusoma. Sina haja ya kuusifu utawala ule. Damu iliyomwaga inajulikana. Lakini kazi ile ya kisomo ilifanyika, na ilifanyika kwa herufi ambazo hazikuwa za ukoo wa mtu.

Sasa ihamishie Sudan Kusini. Wadinka ndio kabila kubwa kuliko yote nchini humo. Desemba 2013 nchi iliingia vitani, na Wadinka na Wanuer waliuana kwa kutambuana kwa lugha na chale za usoni. Katika nchi ya namna hiyo, hati iliyobuniwa na Wadinka ikitangazwa kuwa hati ya taifa, Mnuer ataisoma vipi? Mshilluk? Mbari wa Juba? Kabla hajaisoma ataiona, na atakachoona ni muhuri wa mwenye nguvu. Katiba ya mpito ya mwaka 2011 ilizitambua lugha zote za asili kuwa lugha za taifa, na Kiingereza kikafanywa lugha rasmi ya kazi. Uamuzi huo umekosolewa, nami nina machache ya kuukosoa, lakini angalau haukuiinua lugha moja ya asili juu ya nyingine. Hati yenye jina la kabila moja ingefanya hivyo kwa mlango wa nyuma.

Ndiyo maana wengine husema: basi iwe hati ya Waniloti wote. Wazo zuri kwenye karatasi. Ila "Kiniloti" ni jina la familia ya lugha lililotolewa na wanaisimu. Mdinka, Mjaluo, Mkalenjin, Mmaasai na Mtaturu hawaelewani wakizungumza, na wala hawajawahi kukaa katika baraza moja. Hakuna serikali yao, chuo chao wala gazeti lao la pamoja la kuibeba hati hiyo.

Hata hivyo, katika wazo hilo mna kito kimoja ambacho ningependa tusikitupe. Lugha nyingi za Kiniloti zinashiriki tabia ya kugawa irabu katika makundi mawili. Kidinka na Kinuer hugawa kwa sauti ya pumzi na sauti ya kawaida. Kijaluo, Kimaasai na Kikalenjin hugawa kwa mkao wa shina la ulimi, kundi moja likitamkwa shina likisukumwa mbele, jingine likirudi nyuma. Njia ni tofauti, lakini muundo unafanana: kila irabu ina pacha wake. A. N. Tucker, aliyefanya kazi na serikali ya Sudan juu ya lugha hizi baada ya Rejaf, aliandika pia sarufi ya Kimaasai ya mwaka 1955 pamoja na John Tompo ole Mpaayei, Mmaasai mwenyewe, na humo irabu tisa za Kimaasai zimeelezwa waziwazi. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni uamuzi.

Pendekezo langu ni dogo kuliko hati mpya, na huenda kwa sababu hiyo litaonekana halina mvuto. Nukta mbili ambazo Wadinka wamezizoea tayari zaweza kuazimwa na lugha nyingine za Kiniloti kuwa alama ya pacha wa pili wa irabu, kila lugha ikiamua ni kundi lipi liwekewe nukta. Toni ziandikwe pale tu zinapobadili maana na muktadha hausaidii. Kuandika kila toni huchosha mkono na jicho. Kazi hiyo yaweza kufanywa na kamati ya walimu na waandishi wa lugha husika, bila kusubiri miaka ishirini na saba. Na anayependa kubuni hati ya asili aendelee nayo katika sanaa, vibao, vitambaa, barua za wapenzi na mikutano ya utamaduni. Hati zilizokua zilikua hivyo. Ninachopinga ni kumtwisha mtoto wa darasa la kwanza majaribio yetu.

Kuna watakaoniambia kwamba herufi pungufu haziwezi kuzaa fasihi. Nawaelekeza kwa Okot p'Bitek. Kiacholi ni lugha ya Kiniloti, na Wer pa Lawino, iliyotoka mwaka 1969, iliandikwa kwa irabu tano za Kirumi bila alama hata moja ya toni. Grace Ogot aliandika Miaha kwa Kijaluo mwaka 1983 kwa herufi zilezile. Wasomaji wao walikuwa wanaijua lugha, wakaziongeza toni wenyewe. Shida huwa kubwa kwa anayejifunza kusoma, mtoto na mtu mzima, na ndiyo maana natetea alama. Lakini aliyenyamaza akingoja herufi kamili atanyamaza siku zote.

Nirudi Tanzania. Sisi tulifanya muujiza wetu wa kisomo. Mradi wa kisomo chenye manufaa ulianzia kanda hii ya Ziwa Victoria mwaka 1968, mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wazee wa vijiji vyetu walisoma usiku kwa taa ya chemli. Walisoma kwa Kiswahili. Sijutii hata kidogo. Lakini ushindi ule ulitufanya tudhani kwamba lugha nyingine hazina haja ya kuandikwa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inazitaja lugha za jamii kuwa hazina, na kuhimiza zifanyiwe utafiti na kuandikwa. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umefanya kazi ya kuheshimika, ukachapisha atlasi, kamusi na sarufi. Vitabu hivyo viko kwenye rafu za chuo. Mwalimu wa darasa la kwanza anayepokea watoto wa Kitaturu wasiojua Kiswahili hajaviona, na hakuna aliyemwambia kwamba vipo.

Na hapa nazungumza na watumishi wa umma moja kwa moja, kwa kuwa najua mnasoma. Othografia kwenu ni suala la haki kabla ya kuwa la isimu. Mwanamume wa Kitaturu ana jina linaloanza na Gida-, mwanamke jina linaloanza na Uda-. Karani wa kwanza analiandika kama alivyolisikia kwenye kadi ya kliniki. Wa pili analisikia vingine akaliandika vingine kwenye rejista ya shule. Wa tatu, kwenye kitambulisho, anaona ni refu, anakata. Miaka ishirini baadaye mtu huyo anaambiwa yeye si yeye, aende akaape kiapo mahakamani na kulipia, kwa sababu jamhuri imemwandika mara tatu kwa namna tatu. Wasukuma tunalijua hili vizuri: mwenye jina la Ng'wa- anajikuta Mwa- kwenye cheti kimoja na Ngwa- kwenye kingine. Wala haihitaji hati mpya kulitibu. Inahitaji karatasi moja ya mwongozo wa tahajia ya majina kwa kila lugha ya wilaya, ikiandaliwa na walimu wawili watatu wa lugha hiyo, ibandikwe ukutani penye meza ya usajili. Na mzazi aombwe alitamke jina polepole kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kuhusu simu na kompyuta, wenye kazi hiyo wajue jambo moja dogo linalokwamisha mengi. Herufi ä, ë, ï na ö zimo katika Unicode kila moja ikiwa kitu kimoja, kwa sababu lugha za Ulaya zinazitumia. Lakini ɛ na ɔ zenye nukta mbili hazimo hivyo. Lazima uandike herufi kisha uongeze nukta juu yake, na programu nyingi huzitupa pembeni au kuzifuta kabisa. Hivyo Mdinka akiandika ujumbe kwa simu huacha nukta, na sarufi yake inaondoka pamoja nazo. Kijana wa teknolojia anayetaka kuitumikia lugha ya Kiniloti wiki hii, achukue programu huria ya kutengeneza kibodi, azifanye irabu hizo zipatikane kwa mguso mmoja, aigawe bure.

Kwa wanafunzi wangu ambao ndio waliolianzisha swali hili, mlango wangu uko wazi. Anayetaka kubuni hati aniletee kwanza kurasa arobaini za simulizi za Kitaturu, zilizokusanywa kwa wazee kwa ridhaa yao, zimeandikwa kwa herufi tulizonazo, mapacha wa irabu wakiwa wametiwa nukta na toni zenye kubadili maana zikiwa na alama. Tutazisoma kwa sauti mbele ya wazee haohao, tuone wapi wanacheka na wapi wanasahihisha. Nitatafuta mchapishaji. Baada ya hapo tukae, tutoe penseli, tuzungumzie umbo la herufi.